Risiti mbili, mtaro hakuna: Kwa nini miji ya mpakani Gusii haifanani

Mosocho ni mahali pazuri pa kujifunzia mipaka. Panda matatu hapa kwenye barabara kuu ya A1 uelekee Kisumu. Chini ya saa moja utakuwa Oyugis, Kaunti ya Homa Bay, na njiani utakuwa umeona migomba ikipungua, mashamba yakipanuka, joto likiongezeka na salamu zikibadilika kutoka Ekegusii hadi Dholuo. Ukienda upande wa pili, ukapita mjini Kisii na kushika barabara ya Sotik, unafika Keroka. Huko mgeni haoni kilichobadilika: migomba ni ileile, lugha ni ileile, koo ni zilezile. Lakini mji wenyewe umekatwa vipande viwili, kimoja cha Kaunti ya Kisii na kingine cha Nyamira. Endelea na barabara hiyohiyo na utafika Chepilat, mahali Nyamira inapopakana na Bomet, soko ambalo majengo yake yalichomwa mapema 2008 katika ghasia za baada ya uchaguzi.

Kazi yangu ni mipango ya miji, na swali ninaloulizwa mara nyingi kuliko yote katika vikao vya wananchi ni hili: kwa nini wenzetu wa ng'ambo ile wako vile, na sisi tuko hivi? Kila anayeuliza huwa tayari na jibu lake. Wengine husema ni udongo, wengine ni tabia za watu, wengine ni mpaka uliochorwa vibaya. Mimi nashikilia kwamba tofauti za miji jirani ni za aina mbili, na madhara mengi yanatokana na kuzichanganya. Aina ya kwanza huletwa na ardhi, mvua na historia ya umiliki wa mashamba. Hiyo ndiyo inayozaa biashara, na haina haja ya kutibiwa. Aina ya pili huletwa na namna serikali zinavyokusanya na kutumia fedha pembezoni mwa mamlaka zao. Hiyo ndiyo inayoiua miji yetu ya mpakani, nayo ina dawa.

Nianze na ile isiyo na ubaya. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Kisii uko kwenye mita 1,700 hivi, na Borabu ya Nyamira iko juu zaidi. Upepo wenye unyevu ukitoka ziwani hupandishwa na milima ya Gusii, ukapoa, ukamwaga mvua huku kwetu. Ndiyo maana migomba, chai na parachichi hustawi hapa, na ndiyo maana tunaposhuka kuelekea ziwani mazao nayo hubadilika. Kabondo, jirani ya Oyugis, inajulikana kwa viazi vitamu kama Nyakoe ya huku kwetu inavyojulikana kwa ndizi. Omena wanatoka ziwani. Kila upande una kitu ambacho mwenzake hana, na hapo ndipo masoko yalipozaliwa, kabla ya wilaya wala kaunti.

Tazama soko la Nyakoe asubuhi. Mikungu inashushwa kutoka kwenye bodaboda, mitatu au minne ikiwa imefungwa nyuma kwa mpira, na mingine inabebwa kichwani kutoka vijiji vya juu. Wanunuzi wanaipiga kwa kidole, wanachungulia kikonyo waone kama ndizi imekomaa au imekatwa mapema, kisha wanapatana bei. Maneno ya biashara yanatoka katika lugha tatu bila mtu kutambua. Alasiri lori limejaa, mikungu imefunikwa kwa majani ya mgomba, safari ni Kisumu au Nairobi. Hakuna anayelalamika kwamba Oyugis haifanani na Mosocho. Zingefanana, lori hilo lisingekuwa na sababu ya kupita.

Historia ya ardhi nayo imechangia. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni ilitangaza rasmi mipaka ya maeneo ya hifadhi ya Waafrika, na Gusii ikafungiwa ndani ya mistari hiyo. Mashamba makubwa ya upande wa Sotik yakabaki ya walowezi. Karibu na uhuru, baadhi ya mashamba hayo yaligawanywa katika miradi ya makazi na familia za Kigusii zikanunua ardhi Borabu. Matokeo yake yanaonekana hadi leo: ukitoka maeneo ya zamani ya Nyamira na kuingia Borabu, ploti zinapanuka ghafla, nyumba zinaachana na malisho ya ng'ombe yanaonekana. Watu ni walewale, ila wengine walirithi ekari chache zilizogawanywa kwa vizazi vitatu, na wengine walipata shamba zima. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 950 kwa kila kilomita mraba katika Kaunti ya Kisii, watu 675 hivi Nyamira, na karibu 360 Homa Bay. Anayeishi penye msongamano wa namna hiyo hawezi kupanga shamba, soko wala mji wake kama mwenzake wa bondeni. Hilo si kosa la mtu.

Hadi hapo sina malalamiko. Shida inaanza mahali ambapo ardhi ni ileile, mvua ni ileile, watu ni walewale, na bado pande mbili za barabara hazilingani. Kwa mtu wa fani yangu Keroka ni somo lenye thamani kubwa, kwa sababu karibu kila kisingizio kimeondolewa. Hakuna anayeweza kusema upande wa Kisii una udongo mzuri kuliko upande wa Nyamira, au kwamba upande mmoja una kabila lenye bidii na mwingine hauna. Ndugu wa tumbo moja wanaishi pande zote mbili, na wanakwenda kanisa moja. Kilichobaki cha kueleza tofauti ni utawala tu.

Lazima tukumbuke kwamba Gusii ilikuwa wilaya moja. Nyamira ilitengwa kutoka Kisii mwishoni mwa miaka ya 1980, na Katiba ya 2010 ilipounda kaunti 47 ilifuata mipaka ya wilaya zilizotambuliwa na sheria ya 1992. Hata eneo la Kitutu likakatwa: Kitutu Chache, ambako Mosocho imo, ikabaki Kisii, na Kitutu Masaba ikaenda Nyamira. Mpaka wa wilaya haukuwa na uzito mkubwa, kwa kuwa wilaya zote mbili zilikuwa mikono ya serikali moja ya Nairobi. Zaidi ya hayo, Keroka ilikuwa na baraza lake la mji. Uchaguzi wa 2013 ulipofika, mabaraza yote 175 ya serikali za mitaa nchini yalivunjwa na majukumu yake yakahamishiwa kaunti. Siku hiyo mstari uliokuwa wa karani na ramani yake ukawa mstari wa fedha. Mji uliokuwa na baraza lake ukageuka kuwa pembe mbili za serikali mbili, na tangu hapo kaunti hizo zimekuwa zikivutana kuhusu nani akusanye ushuru wapi.

Wengi hudhani kwamba ushuru unaokusanywa sokoni hutumika sokoni. Sivyo. Kifungu cha 207 cha Katiba kinaagiza kwamba fedha zote zinazokusanywa au kupokewa na kaunti ziingie katika Hazina ya Mapato ya Kaunti, isipokuwa zile ambazo sheria imeziondoa. Kutoka hapo hugawanywa na bunge la kaunti kupitia bajeti. Maana yake ni kwamba shilingi ya muuza sukuma wiki wa Keroka husafiri hadi makao makuu ya kaunti, huchanganyika na shilingi nyingine zote, kisha hugombaniwa na wawakilishi wadi wote. Kisii ina wadi 45 na Nyamira ina 20. Soko la mpakani lina sauti ya wadi moja au mbili katika kikao hicho. Makusanyo yanaweza kuwa makubwa, lakini kura za bajeti ni chache. Kwa hiyo mji wa mpakani huvutia wakusanyaji wengi na wajenzi wachache.

Jambo la pili ni kura za wananchi wenyewe. Mfanyabiashara wa Keroka anaweza kuishi na kupiga kura upande mmoja, halafu kibanda chake kikawa upande mwingine. Anayemtoza ushuru hamtegemei kwa kura, na anayemtegemea kwa kura hana mamlaka juu ya soko anakouza. Mwanasiasa yeyote mwenye hesabu zake atajenga choo cha umma, taa na vibanda katikati ya wadi, walipo wapiga kura wake kwa hakika. Akijenga mpakani, nusu ya watakaofaidika hawatamshukuru debeni. Sidai kwamba viongozi wetu ni wabaya kuliko wengine. Nasema tu kwamba mfumo unamtuza anayeupa mpaka kisogo.

La tatu ni maji ya mvua. Maji hayaulizi kaunti. Yanateremka kutoka upande ulioinuka kwenda upande wa chini, na katika mji wenye mvua kama yetu mtaro ni muhimu kuliko hata lami. Sasa fikiria mji ambao barabara kuu ni mali ya serikali ya kitaifa chini ya mamlaka ya barabara kuu, KeNHA, njia za ndani za upande mmoja ni za kaunti hii, na za upande wa pili ni za kaunti ile. Kaunti ya juu ikichimba mtaro mzuri itakuwa imeimwagia jirani maji. Kaunti ya chini ikichimba wake bila mwenzake, matope ya juu yataujaza msimu wa kwanza. Mamlaka ya barabara inasema kazi yake inaishia ukingoni mwa lami. Kila mmoja ana hoja ya haki, na mvua ya Aprili inapoanza, mama mwenye kibanda cha viatu vya mitumba anainua magunia yake juu ya meza na kusubiri.

Taka nazo hufuata mkondo huo. Serikali yoyote inayotafuta mahali pa kumwaga taka, kuweka kichinjio au kuruhusu baa nyingi, huangalia kwanza pembezoni, mbali na makao makuu na mbali na malalamiko. Pembe ya kaunti moja inapogusana na pembe ya nyingine, unapata mji ambao kila serikali imeusukumia kile isichokitaka kwake. Leseni za vileo sasa ziko chini ya kaunti. Kaunti moja ikikaza na jirani yake ikalegeza, baa zinahamia ng'ambo ya barabara, wala ulevi haupungui. Wazazi wa upande uliokaza wanalala bila usingizi vilevile.

Chukua mfano wa mama anayeuza nyanya. Amenunua kreti mbili shambani, ndani ya kaunti moja, na soko analouzia liko ng'ambo ya barabara, kaunti nyingine. Anapotoka shambani anakutana na mkusanyaji anayetoza ushuru wa mazao yanayotoka. Anapovuka barabara anakutana na kanjo anayetaka ushuru wa soko. Akionyesha risiti ya kwanza anaambiwa hiyo ni ya wale. Akihamisha meza yake hatua chache ili kulikwepa jua, anaweza kujikuta amehamia kaunti nyingine na kutozwa upya. Hana mahali pa kulalamika, kwa sababu kila ofisi itamwambia kwamba afisa wake alikuwa na haki. Jioni ana karatasi mbili mfukoni, na anaondoka sokoni akiruka dimbwi lilelile la jana. Sheria inamlinda kwa maneno: Kifungu cha 209(5) cha Katiba kinasema ushuru wa kaunti usitumike kwa njia inayoathiri vibaya usafirishaji wa bidhaa na huduma kuvuka mipaka ya kaunti. Lakini kifungu hakivai sare wala hakisimami kizuizini.

Hayo ndiyo yanayofanya mji mmoja uonekane miji miwili. Sasa nijibu hoja ninazozisikia kila mara.

Ya kwanza ni ya tabia: kwamba watu wa upande ule ni wavivu, au wezi, au hawajui biashara. Keroka inaivunja hoja hiyo kwa kuwepo kwake tu, kwa kuwa pande zote mbili ni za watu wale wale. Ila hoja hiyo ni hatari zaidi Chepilat na Sondu, ambako mpaka wa kaunti ni mpaka wa lugha pia. Mtaro ulioziba Chepilat unaonekana kuwa ni wa Wakisii au wa Wakipsigis, na ng'ombe aliyeibwa usiku anahesabiwa kwa kabila kabla hajatafutwa. Sondu, ambako Kisumu inakutana na Kericho, watu waliuawa mwaka 2023 katika mapigano ya mpakani. Sitaki kudai kwamba ushuru peke yake uliwaua. Siasa, ardhi na wizi wa mifugo vimo. Ninachosema ni kwamba pale serikali mbili zinapoacha soko bila mwenyewe anayewajibika, kila ugomvi mdogo hukosa wa kuuamua, na kabila linajaza pengo hilo. Vita vya panzi ni furaha kwa kunguru, na kunguru wa mpakani ni yule anayetafuta kiti kwa kuwaogofya watu wake.

Hoja ya pili ni kwamba mpaka usogezwe, au mji wote upewe kaunti moja. Naielewa, hasa kwa mfanyabiashara aliyechoka. Lakini Kifungu cha 188 kimeweka mlima mrefu: lazima kuwe na tume huru iliyoundwa na Bunge kwa kazi hiyo, ipendekeze mabadiliko, kisha azimio lipitishwe na angalau thuluthi mbili ya wabunge wote wa Bunge la Kitaifa na angalau thuluthi mbili ya wawakilishi wa kaunti katika Seneti. Wabunge wa Turkana na Kwale waunge mkono mstari wa Keroka kwa sababu gani? Na hata mlima huo ukipandwa, kaunti inayopoteza mji itafungua mgogoro mwingine, na mstari mpya utapita kwenye soko lingine lenye watu wengine. Kila mpaka una ukingo. Maseno, kati ya Kisumu na Vihiga, na Mackinnon Road, kati ya Kwale na Taita Taveta, ni ushahidi kwamba mvutano wa namna hii haukuzaliwa Gusii wala hautaisha kwa kalamu ya mchora ramani.

Hoja ya tatu inatoka kwa maafisa wa mapato: kwamba kila kaunti ikusanye kwa nguvu zaidi, kisha maendeleo yatafuata. Nimekwisha kueleza fedha hizo zinakoishia. Niongeze kwamba ushuru wa mara mbili hupunguza hata makusanyo yenyewe. Mchuuzi anayejua atatozwa huku na huku huuza kando ya barabara kabla ya kizuizi, au hupitisha mzigo usiku, au huenda soko jingine. Kaunti zinazopigania ng'ombe mmoja wa maziwa, kila moja ikimvuta kwake kwa kamba, mwishowe huwa na kamba mbili na ndoo tupu.

Wengine huniambia kwamba ushirikiano ni ndoto, kwamba serikali mbili haziwezi kutawala mji mmoja. Tuangalie mbali kidogo. Kusini mwa Uholanzi kuna mji wa Baarle, ambao mipaka yake imevurugika kuliko yetu: vipande 22 vya ardhi ya Ubelgiji vimo ndani ya Uholanzi, na mstari unapita katikati ya barabara, maduka na hata nyumba. Mwaka 2020, wakati wa korona, duka moja la nguo lililokatwa na mpaka huo lilifunga upande wa Ubelgiji na kuendelea kuuza upande wa Uholanzi. Kero zipo, lakini halmashauri mbili za Baarle zina chombo cha pamoja cha kujadili barabara, mitaro na huduma, na wakazi wanatumia maktaba moja. Hizo ni nchi mbili, zenye wafalme wawili.

Wala hatuna haja ya kwenda Ulaya. Mjini Busia, nchi za Kenya na Uganda zilizindua rasmi kituo cha pamoja cha mpakani Februari 2018, na Sheria ya Vituo vya Pamoja vya Mpakani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2016 inamruhusu afisa wa nchi moja kufanya kazi yake ndani ya ardhi ya nchi jirani. Dereva anasimama mara moja, maafisa wa pande zote wanakagua chini ya paa moja. Uganda na Kenya, zenye majeshi, sarafu na bendera tofauti, zimekubaliana kumpunguzia mwenye lori kero ya kusimama mara mbili. Kisii na Nyamira, zilizokuwa wilaya moja juzi tu, zinashindwaje kumpunguzia mama wa nyanya?

Sheria haizuii. Kifungu cha 189(2) cha Katiba kinasema serikali za kaunti zitashirikiana, na kwa ajili hiyo zinaweza kuunda kamati za pamoja na mamlaka za pamoja. Sheria ya Mahusiano baina ya Serikali ya 2012 inatoa njia ya kufanya hivyo, na Sheria ya Maeneo ya Mijini na Majiji ya 2011 imeweka bodi na kamati za kusimamia miji. Kisii, Nyamira, Homa Bay, Bomet, Kisumu na Kericho zote ni wanachama wa Jumuiya ya Kiuchumi ya Kanda ya Ziwa. Milango iko wazi. Kinachokosekana ni serikali ya kwanza kuingia.

Mapendekezo yangu ni manne, na nimeyapanga kwa kufuata urahisi wake. Kwanza, risiti moja. Kaunti mbili zitie saini makubaliano kwamba risiti ya siku iliyotolewa na mmoja itambuliwe na mwenzake katika mji wa mpakani, na kwamba ushuru wa mazao usitozwe mara mbili kwa mzigo mmoja. Sasa kwa kuwa malipo mengi hufanywa kwa simu, mfumo unaweza kugawa fedha papo hapo kwa uwiano uliokubaliwa, bila askari kuandamana na madaftari. Hili halihitaji sheria mpya. Magavana wawili na mabunge yao wanaweza kulimaliza ndani ya mwaka mmoja wa fedha.

Pili, fungu la mji. Sehemu maalumu ya makusanyo ya mji wa mpakani itengwe kwa sheria ya kaunti irudi mjini humo humo, na isimamiwe na kamati ya pamoja yenye wafanyabiashara, bodaboda, viongozi wa dini na maafisa wa pande zote. Makusanyo na matumizi yabandikwe ukutani sokoni kila robo mwaka, kwa Kiswahili kinachoeleweka na kwa Ekegusii. Mlipa ushuru akiona shilingi yake imegeuka kuwa taa, hatahitaji kukimbizwa.

Tatu, mpango mmoja wa mji. Sioni maana ya kaunti mbili kutengeneza ramani mbili za Keroka ambazo kila moja inaishia katikati ya barabara kana kwamba ng'ambo ni bahari. Mtaro, maji taka, stendi, kichinjio na jaa vipangwe kwa kufuata mteremko wa ardhi na mwendo wa watu. Mamlaka ya barabara kuu iketi mezani tangu siku ya kwanza, kwa kuwa hakuna mtaro wa mjini utakaofaa ikiwa kalvati za barabara hazikubaliani nao. Kichinjio kimoja kizuri kinachotumiwa na kaunti mbili ni nafuu kuliko viwili vinavyonuka.

Nne, kwa miji ambako mpaka ni wa lugha pia, kama Chepilat na Sondu, kamati ya soko na kamati ya amani ziwe kitu kimoja. Kwa kawaida kamati ya amani huitwa baada ya damu kumwagika, ikanywa chai hotelini, ikatoa taarifa. Ila wanaojua mapema kwamba kuna jambo linachemka ni wauzaji: wanaona nani ameacha kuvuka, nani ameacha kukopesha, ng'ombe wa nani hajulikani aliko. Kamati inayokutana kila wiki kuhusu choo na meza za soko itakuwa tayari inazungumza siku ugomvi ukizuka. Vituo vya polisi vya mpakani vinahitajika, lakini polisi hawawezi kuwafanya watu waaminiane.

Kwetu hapa kwenye A1, kati ya Mosocho na Oyugis, kazi ni nyepesi zaidi, kwa sababu tofauti zetu bado ni zile za kulishana. Tusiziharibu. Kisii na Homa Bay zikianza kila moja kuweka kizuizi chake cha ushuru, moja ikitoza ndizi zinazoshuka na nyingine omena wanaopanda, tutakuwa tumechukua tofauti nzuri tukaifanya mbaya kwa mikono yetu. Kinachofaa ni maghala ya pamoja ya kuhifadhia mazao yanayooza haraka, vipimo vinavyolingana ili mkulima asipunjwe kwa mikungu isiyopimwa, na stendi ambazo mwanamke anaweza kusubiri usafiri jioni bila hofu.

Najua watakaosema kwamba haya yanahitaji viongozi wenye nia njema. Nia njema husaidia, lakini mimi naamini zaidi mabadiliko ya hesabu. Sasa hivi kiongozi anayepuuza mpaka hapotezi chochote, kwa sababu wapiga kura wa mpakani wamegawanyika na kila upande unalaumu mwenzake. Siku watakapozungumza kwa sauti moja, hesabu itabadilika. Uchaguzi mkuu unakuja Agosti 2027. Wafanyabiashara wa Keroka wa pande zote mbili wana uwezo wa kuitisha mkutano mmoja, wawaalike wagombea wa ugavana wa Kisii na wa Nyamira jukwaa moja, na wawaulize maswali mawili tu: utatambua risiti ya mwenzako, na ni asilimia ngapi ya ushuru wetu itarudi hapa? Majibu yaandikwe na kutiwa saini mbele ya watu. Atakayekataa kusaini atakuwa amejibu, na pande zote mbili za barabara zitakuwa zimemsikia.